Likizo ya Muhula

Nilikuwa kidato cha pili mwaka baba alipopewa barua ya Kiingereza, na nyumbani kwetu Mwingereza nilikuwa mimi. Ndivyo baba alivyonitambulisha kwa wageni: "Huyu ndiye Mwingereza wetu." Mtu akija na chupa ya dawa yenye maandishi, naitwa. Redio ikitaja neno la kigeni, naulizwa. Nilijibu kila nilichoulizwa, na nisipojua nilijibu vilevile, kwa sababu hakuna aliyekuwa na uwezo wa kunisahihisha.

Baba alikuwa mpima ng'ombe. Shirika la umma lililomwajiri lilinunua mifugo minadani mkoa mzima, na kazi yake ilikuwa kusimama kando ya mizani, kusoma kilo za kila mnyama aliyeingizwa kizimbani, na kuzitaja kwa sauti ili karani aandike. Leo Haneti, kesho kutwa Mpwapwa, wiki ijayo kwingine. Alisoma mpaka darasa la nne. Kiswahili alikisoma vizuri na hati yake ilikuwa nzuri kuliko yangu. Kiingereza alikuwa nacho cha kazini tu: kilo, risiti, stoo, ovataimu. Na livu. Neno livu tulilijua sote, hata mama ambaye hakwenda shule, kwa kuwa kila mwaka baba alijaza fomu ya livu na kila mwaka akaambiwa asubiri, mnada haungoji.

Ilikuwa miaka ya ruksa, serikali ilipofungulia watu binafsi biashara. Maduka yaliyokuwa matupu yalianza kujaa, mitumba ikamwagwa barabarani, na minadani wakaanza kuja wanunuzi wenye malori yao wenyewe. Hawakuwa na mizani. Walimtazama ng'ombe, wakataja bei, wakapakia. Baba alisimulia hayo akila, akitikisa kichwa kama mtu aliyeona wenzake wakipika bila chumvi. Hakuwaza kwamba yanamhusu.

Barua alipewa Ijumaa, kwenye ofisi ya shirika pale Dodoma mjini. Karani alimwonyesha mahali pa kusaini, akasaini. Baada ya swala alirudi moja kwa moja nyumbani. Tulikaa kota za shirika, nyumba ya vyumba vitatu, ukutani pameandikwa namba kwa rangi nyeusi. Alinawa, akaketi, akanikabidhi bahasha.

"Soma kwanza Kiingereza chenyewe," akasema. "Nisikie kinavyokwenda."

Nikasimama kama darasani, nikasoma. Ilikuwa barua ya ukurasa mmoja, imepigwa taipu, na maneno mengine niliyavuka kama mtu anayevuka korongo lenye maji, kwa kuruka. Lakini kila nilipokaribia kupotea nililiona neno moja ninalolifahamu, *leave*, likinisubiri. Lilikuwemo mara tatu. Nilishikilia hilo.

"Haya, tafsiri."

"Baba, umepewa livu!"

Mama alikuwa mlangoni akichambua mboga. Akainua kichwa.

"Livu gani?" baba akauliza. "Mwaka huu sijaomba."

Nikatazama tena. Palikuwa na maneno mawili yaliyofuatana, *terminal leave*. La kwanza nililijua pia, au nilidhani nalijua. Shuleni kwetu mtihani wa mwisho wa muhula tuliuita teminali. "Tunafanya teminali wiki ijayo," tulisema, na baada ya teminali shule hufungwa, watu huenda makwao, kisha hurudi. Kila mwaka, mara mbili, bila kukosa.

"Likizo ya muhula," nikasema. "Siku ishirini na nane."

Baba akacheka mpaka akashika goti. "Kumbe hata sisi wazee tumewekewa mihula!"

"Ukimaliza unarudi lini?" mama akauliza.

Nikahesabu kwa vidole kutoka tarehe iliyoandikwa, nikamtajia. Barua haikutaja siku ya kurudi. Hiyo niliiongeza mimi.

Palikuwa na sentensi ya pili: baba ata-*leave* utumishi wa shirika. Niliona utumishi ni kazi, nikasema maana yake kwa siku hizo hatagusa kazi. Ya tatu ilisema wakaaji wa-*leave* nyumba ya shirika ikiwa katika hali nzuri. Hiyo niliitafsiri neno kwa neno, na hata leo mwalimu yeyote angenipa alama zote: muiache nyumba katika hali nzuri.

"Watakuja kukagua," mama akasema.

Jumamosi yote alifanya kazi. Alipaka chokaa jikoni, akaziba nyufa za ukuta, akasugua sakafu mpaka saruji ikang'aa. Jirani yetu wa nyumba ya pili, mwanamke ambaye mumewe alikuwa dereva wa shirika hilohilo, alikuja kusimama uani akimtazama.

"Mmeshaanza kujiandaa, dada?" akauliza.

"Tunakwenda livu Mpwapwa," mama akasema, bado ameinama. "Kwa mama mkwe."

Jirani akafunga upya kanga yake. "Haya. Mungu awatangulie."

Nilikuwa nimebeba ndoo, nikamwona anavyomtazama mama. Nilidhani anatuonea wivu.

Jumatatu tulipanda basi. Shule ilikuwa imefungwa, kwa hiyo likizo yangu ya muhula na ya baba zilianza wiki moja, jambo ambalo kwangu lilithibitisha kila kitu. Ukoo wa baba ni watu wa Mpwapwa mjini, wajukuu wa wachuuzi waliokuja na misafara wakaamua kubaki. Bibi alikuwa bado anaishi kwenye nyumba ya zamani yenye ukuta mnene na baraza refu. Alitupokea kwa machozi. Hakuwahi kumpata mwanawe kwa zaidi ya siku tatu mfululizo tangu alipoajiriwa.

"Shikamoo mama," baba akasema.

"Marahaba. Umefukuzwa?" bibi akauliza, kwa utani tu, na wote tukacheka.

Siku ishirini na nane zile nazikumbuka zaidi kuliko miaka mingine mizima. Baba alikuwa akiswali alfajiri kisha anarudi kulala. Sikuwahi kumwona amelala jua limetoka. Alibadilisha mabati mawili yaliyokuwa yakivuja, akajenga upya ukuta wa choo, akamsindikiza bibi kwenda kuwaona ndugu ambao wengine hakuwajua kwa sura. Alasiri alinichukua tukapanda kilimani nyuma ya mji, na huko aliniuliza mambo ya shule kama mtu mwenye nafasi ya kusikiliza jibu. Aliniuliza ninataka kuwa nani. Nikasema mwalimu. Akasema, "Wa Kiingereza." Hakuuliza. Alisema tu.

"Shirika lenu lina utu," bibi akamwambia siku ya kuagana. "Uwasalimie."

Tulirudi Dodoma mchana. Kutoka stendi tulitembea na mizigo, mama mbele na funguo mkononi. Mlangoni kwetu palikuwa na kufuli jipya. Dirishani palikuwa na pazia la maua ambalo halikuwa letu. Kwenye kamba ya uani zilianikwa nguo za mtoto mchanga.

Mama alijaribu ufunguo wake mara mbili. Kisha mlango ukafunguliwa kwa ndani, na mwanamke asiyetufahamu akatusalimu kwa adabu, akauliza tunamtafuta nani.

Jirani yule ndiye aliyetuokoa pale. Alikuja mbio, akamshika mama mkono, akatuingiza kwake. Mumewe alikuwa nyumbani, katikati ya wiki, amevaa kaptula. Hilo peke yake lingetosha kutueleza.

"Vitu vyenu viko stoo ya shirika," akasema. "Vilihamishwa wiki iliyopita. Tulisimamia sisi, hakuna kilichopotea. Kaka, mbona hukuja kwenye mkutano?"

"Mkutano gani?" baba akauliza. "Mimi nilikuwa livu."

Dereva akamtazama mkewe. Mkewe akainamisha kichwa. "Nilidhani mnajikaza tu," akamwambia mama. "Nilikuona unapaka chokaa, nikasema huyu dada ana moyo. Sikutaka kukuumiza."

Baba akatoa barua. Dereva alisoma Kiingereza kidogo kuliko mimi, lakini alikuwa mkutanoni, na huko walielezwa kila mstari. Akaweka kidole kwenye yale maneno mawili. "Hii teminali maana yake ya mwisho," akasema taratibu. "Kama mwisho wa reli. Treni ikifika pale haiendi mbele. Wametuachisha, kaka. Shirika linafungwa, nyumba zinapangishwa watu wengine. Walipewa nafasi watu wenye watoto shuleni waombe kubaki kwenye nyumba mpaka Desemba. Tukaomba. Ninyi hamkuwepo, tukasema mmekwenda Mpwapwa, wakaona mmeshahama."

Baba alikunja barua kwa mikunjo yake ya zamani. Nilimsubiri anitazame. Hakunitazama. Nilitoka uani, nikasimama nyuma ya choo cha jirani. Sikulia. Nilikuwa narudia neno lile kichwani, teminali, teminali, kama mtu anayetafuta mahali alipojikwaa.

Asubuhi yake baba alivaa shati lake la kazi, akasema anakwenda kumwona meneja. Nikamwomba nifuatane naye. Mama alitaka kunizuia, baba akasema, "Mwache aje."

Meneja alikuwa mtu mzima mwenye miwani, mwenyeji wa mkoa mwingine kama walivyokuwa wakubwa wengi wa ofisi za Dodoma. Ofisini mwake makabati yalikuwa wazi na majalada yamepangwa sakafuni, yamefungwa kamba. Karani yule aliyemsainisha baba alikuwepo, ameketi pembeni.

"Mzee, tulikutafuta," meneja akasema. "Tulikungoja mkutanoni. Ulikuwa wapi?"

"Mpwapwa. Barua ilisema niende livu, nikaenda."

Karani akacheka. Hakuwa na nia mbaya, kicheko kilimtoka tu, lakini alicheka.

"Nani alikusomea hivyo?" meneja akauliza.

"Nilisoma mwenyewe," baba akasema.

Nilikuwa nimesimama nyuma yake karibu na mlango, na sketi yangu ya shule. Niliiona shingo yake kwa nyuma, ilivyonyooka. Mtu ambaye hakuwahi kusoma sentensi moja ya Kiingereza maishani mwake alisema uongo ule kwa sauti ileile aliyotajia kilo, na karani akaendelea kutabasamu, na ningenyamaza ingekwisha hivyo.

"Shikamoo," nikasema. "Ni mimi niliyesoma."

Wote wakageuka. Meneja akaniita mbele, akaniuliza niko kidato gani, kisha akanipa nakala ya barua kutoka kwenye jalada, akasema soma tena. Nikasoma. Safari hii nilitafsiri polepole, nikamweleza nilivyoelewa mwanzo na nilivyoelewa sasa. Nikafika kwenye nyumba. Mama yangu, nikasema, aliipaka chokaa. Aliyeingia aliikuta safi.

Hapo ndipo liliponitoka swali ambalo sikulipanga.

"Kwa nini hamkumwandikia kwa Kiswahili?"

"Wee!" karani akanikemea.

Lakini meneja alimnyamazisha kwa mkono. Alivuta mtoto wa meza, akatoa bahasha kama ya baba, akaifungua mbele yetu. Barua ilikuwa ileile, isipokuwa jina na cheo. "Ziliandikwa Dar es Salaam," akasema. "Waliandika washauri, sijui hata kama wanatujua. Yangu na za wafagizi zimetoka kwenye mashine moja. Ulivyouliza ndivyo nilivyotakiwa kuuliza mimi, siku zilipofika. Sikuuliza. Nilikuwa nafikiria barua yangu."

Nyumba haikuweza kurudi, aliyeingia alikuwa na karatasi yake halali. Ila nyuma ya stoo palikuwa na vyumba viwili vilivyokuwa vya walinzi, na meneja akaandika kwa mkono wake, kwa Kiswahili, kwamba tukae humo mpaka mwisho wa mwaka nisikatishe masomo. Baba alisoma karatasi ile neno kwa neno kabla ya kushukuru.

Njiani nilishindwa kuvumilia. "Baba, kwa nini ulisema ulisoma wewe?"

"Anayesaini ndiye aliyesoma," akanijibu. Tukatembea kidogo. "Karani alinipa kalamu, nikasaini kabla sijaelewa. Ungekuwa wewe ndiye uliyesaini, ningekugombeza."

Shule ilipofunguliwa nilikwenda maktaba, nikaomba kamusi kubwa ambayo hairuhusiwi kutoka nje, nikatafuta *leave*. Nilidhani nitakuta mstari mmoja. Nilikuta karibu safu nzima. Kuondoka. Kuacha. Kubakiza chakula. Kumwachia mtu ujumbe, au mtoto, au urithi. Kuacha mume. Kuacha mlango wazi. Na humo humo, kama mpangaji aliyekodi chumba katika nyumba ya watu, likizo. Mwalimu wetu wa Kiingereza, mama mmoja mkali aliyevaa raba kwa sababu ya miguu, alinikuta nakopi yote kwenye daftari. Nikamweleza kilichotokea. Hakunipa pole. Alikaa.

"Hayo ni maneno mawili yaliyofanana sura," akasema. "Hili la kuondoka lina ukoo wake. Hili la likizo asili yake ni ruhusa. Mtu anaomba ruksa kwa mkubwa wake. Ndiyo maana mkisema mnaomba livu, mnasema vizuri kuliko mnavyojua."

Nililifikiria sana hilo. Ruksa ilikuwa neno la miaka ile, kila mtu alilisema akicheka: ruksa hiki, ruksa kile. Wenye malori walipewa ruksa ya kununua, na baba, kwa karatasi ya ukurasa mmoja, akapewa ruksa yake. Nililikasirikia neno la Kiingereza kwa kubeba mizigo mingi hivyo, mpaka nilipojaribu la kwetu. Mtu anaacha shule, anaacha mke, anaacha pombe, anaacha wosia. Ukisimuliwa jambo la ajabu unasema, "Acha wewe!" Mgeni wa Kiswahili angeweza kuvunja nyumba ya mtu kwa neno hilo kama nilivyovunja yetu. Kosa langu halikuwa kutojua. Lilikuwa kuijaza mwenyewe nafasi iliyokuwa tupu, na kuijaza kwa kitu kizuri.

Miezi iliyofuata haikuwa rahisi. Baba alijaribu kuuza mitumba, akashindwa, kwa sababu alimwambia kila mnunuzi kasoro ya nguo. Alikaa sana mlangoni pa chumba cha walinzi. Nilijifunza kupita mbele yake haraka. Hakunilaumu hata siku moja, na ningependa angenilaumu, maana nilijilaumu bila kipimo.

Kisha mjomba alikuja kutoka Haneti, kaka yake mama. Alikuwa na dume la kuuza na hakuwaamini wenye malori. "Shemeji," akamwambia baba, "wewe umepima hawa wanyama maisha yako yote. Njoo usimame nami tu." Baba akasema hana mizani. "Njoo hivyohivyo," mjomba akasema.

Alienda akarudi siku ya pili na uso mwingine. Alikuwa amemtazama yule dume, akaweka mkono nyuma ya bega lake, akataja kilo. Mnunuzi akabisha. Baba akamweleza kwa nini, mgongo ulivyo, paja lilivyo, maji aliyokunywa asubuhi yanayomdanganya mtu asiyejua. Mnunuzi akaondoka, akazunguka mnada mzima, akarudi akanunua kwa kilo zile. Waliosimama jirani wakaanza kuuliza, "Na huyu wangu je?" Mnada uliofuata wakamtumia ujumbe mapema.

Desemba tulihamia Nkuhungu, chumba na ukumbi wa kupanga, wakati huo nyumba zikiwa chache na mashamba ya watu katikati. Kwa likizo ile niliomba kwenda naye Haneti. Sikuwahi kumwona kazini. Siku za shirika alisema mnadani si mahali pa wasichana.

Wafugaji walimpokea kwa Kigogo, "Mbukwenyi!", naye akaitikia, lafudhi yake ya mjini ikiwachekesha. Mzee mmoja alimleta jike mwekundu, mtulivu, aliyekonda kidogo kwenye mbavu. Mnunuzi kijana alikuwa ameshataja bei na alikuwa na haraka. Baba hakuwa na haraka. Alimzunguka ng'ombe mara moja, akasimama nyuma, akasimama ubavuni, akamgusa.

"Usiuze leo," akamwambia mzee. "Ana mimba. Kilo zake si zake peke yake."

Mzee akapiga kofi la mshangao, akacheka kwa meno aliyobaki nayo. Mnunuzi akatukana kidogo, akaenda kwa mwingine. Wengine walikuwa tayari wamejipanga, wameshika kamba, wanamsubiri.

Nilikaa juu ya jiwe mpaka saa tisa, nikimtazama baba yangu. Alitaja kilo kwa sauti, ng'ombe baada ya ng'ombe. Mara moja aligeuka kuona kama nipo kivulini, na tangu siku tulipokuta kufuli jipya mlangoni ilikuwa mara ya kwanza macho yetu kukutana bila mimi kuyaondoa yangu.